Minong'ono Iliyochapwa Gazetini: Wahome Mutahi na Kicheko cha Watu wa Milima

Katika vijitabu vya ushirika wetu tumezoea kusoma mambo ya mahari, ya mazishi, ya majina ya watoto, ya shamba na ya kyaghanda. Safari hii tunaomba wasomaji watuvumilie kidogo. Tutavuka mpaka wa Kasindi, tutapita Uganda yote, tufike mpaka Nyeri katika nchi ya Kenya, kumtafuta mwandishi mmoja aliyekufa mwaka 2003. Jina lake Wahome Mutahi. Kila Jumapili, kwa muda wa miaka karibu makumi mawili, aliandika visa vifupi vya kuchekesha katika gazeti. Mtu atauliza: huyo naye anaingia namna gani katika desturi za watu wa Lubero na Beni? Swali ni la haki, na tutahitaji kurasa hizi zote kulijibu.

Tuanze nyumbani. Wanaoijua Alimbongo wanajua baridi yake. Ni pale juu, kwenye barabara kubwa ya kutoka Lubero kwenda Kanyabayonga, ambapo ukungu unashuka mapema na dereva anawasha taa za gari ingali mchana. Mahali pa namna hiyo mtu hakai inje usiku. Anaingia ndani, anasogelea moto, viazi vinachomwa katika majivu, na mdomo unaanza kazi. Sisi tunafikiri ndiyo sababu milima ina hadithi nyingi kupita bonde: baridi inakusanya watu. Hayo ni mawazo yetu tu, na mtu wa Beni ana ruhusa ya kutukatalia.

Kwenye kyaghanda, ile nyumba ya wazee ya kukatia mambo, hadithi haikuwa mchezo wa watoto. Mzee akitaka kumwonya mkwe mlafi, hakumwita mlafi. Alileta habari ya fisi aliyealikwa kwa wakwe zake, akala mpaka akashindwa kupita mlangoni. Watu walicheka. Yule mkwe naye alicheka, pengine kwa sauti kubwa kupita wote, maana mwenye kununa angekuwa amejitaja mwenyewe. Neno linatupwa katikati ya watu, halikutumwa kwa mtu yeyote, na kila mmoja anaokota kipande chake. Huo ni ufundi, na si ufundi mdogo.

Hadithi za zamani za namna hiyo zilipata bahati ya kuandikwa. Mwaka 1975 hadithi za Kinande zilizokusanywa na Kambale Kavutirwaki zilichapwa kule Tervuren, Ubelgiji, katika ile nyumba kubwa ya makumbusho ya Afrika ya Kati. Ni kazi ya kuheshimiwa, na wanafunzi wetu wa lugha bado wanaikimbilia. Lakini kando ya hadithi za kale kulikuwa, na kuko bado, visa vingine ambavyo watu wa masomo waliviona kuwa maneno ya bure: visa vya agronomi wa wakati wa Wabelgiji aliyepima mashamba kwa hatua zake, vya katekista aliyesahau sala katikati ya sala, vya askari wa bariera anayeomba karatasi ya gari kwa mtu anayesukuma chukudu. Hivi havina fisi wala zimwi. Vina watu. Na watu hao wako na majina, ndiyo maana vinasemwa pole pole.

Wakati wa Mobutu kusema pole pole kulikuwa njia ya maisha. Redio ya serikali ilisema lake, na watu walisema lao barabarani, na sauti hii ya pili ilipata jina ambalo Kongo nzima inalijua: radio trottoir, redio ya kando ya barabara. Haikuwa na studio wala mtangazaji. Ilisema nani ameanguka, nani amekula pesa ya nani, na mara nyingi ilisema kwa kichekesho, kwa sababu kichekesho kina mlango wa nyuma: mtu akikamatwa anaweza kujibu kwamba alikuwa anachekesha tu. Mlango huo haukumwokoa kila mtu, lakini ulikuwapo.

Sasa tazameni jina la kurasa za Wahome Mutahi. Ziliitwa Whispers, yaani Minong'ono. Mtu wa Nyeri aliipa kazi yake jina ambalo mtu wa Butembo angeliweza kuipa, na aliifanya kazi ambayo huku kwetu ilibaki mdomoni: alichukua redio ya kando ya barabara akaichapa gazetini, kila juma, mbele ya macho ya serikali.

Alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1954 katika sehemu ya Nyeri, wakati Waingereza walikuwa wametangaza hali ya hatari juu ya vita ya Mau Mau. Nyeri iko kati ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Ni nchi ya baridi, ya kahawa na chai, ya viazi na kabichi, ya watu wanaohesabiwa na majirani zao kuwa wanapenda sana pesa na shamba. Hapo wasomaji wetu wameanza kutabasamu, maana ni maneno yale yale wanayosema Kinshasa na Kisangani juu ya Wanande. Na kuna misioni. Mapadri Waitaliani wa Consolata walifika katika nchi ya Wagikuyu mwaka 1902, wakajenga kanisa, shule na hospitali, kama vile mapadri wa Assomption walivyofanya kwetu tangu 1929. Mtoto Mutahi alisoma seminari ndogo ya Mtakatifu Paulo kule Nyeri. Wangapi kati yetu waliopita seminari ndogo, wakatoka bila joho la padri lakini wakiwa na Kilatini kidogo, woga wa mwalimu, na mazoea ya kucheka kimya kimya kanisani? Msomaji aliyepita huko atamfahamu mwandishi huyu kabla ya kusoma mstari mmoja.

Baadaye aliingia chuo kikuu cha Nairobi, akatumika muda fulani katika utawala wa serikali wilayani, kiisha akaingia magazeti. Minong'ono ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ikaendelea katika magazeti ya Jumapili ya Nairobi mpaka mwaka wa kifo chake, sehemu kubwa na ya mwisho ikiwa katika Sunday Nation.

Sisi wa huku tulimpata kwa njia ya biashara, kama tunavyopata vitu vingi. Wafanyabiashara wa Butembo walikwenda Nairobi kutafuta mali, na makartoni ya vyombo yalirudi yakiwa yamejazwa magazeti makuukuu ili sahani zisivunjike. Sahani zilikwenda sokoni, magazeti yalibaki. Kiingereza kwetu ni cha wachache. Wenzetu waliosoma Uganda ndio waliotusomea na kutugeuzia kwa Kiswahili, wakikatizwa na kicheko chao wenyewe. Namna hiyo tulijua nyumba ya Whispers kabla ya kujua jina la mwenye kuiandika.

Nyumba hiyo inafaa tuikalie kidogo, maana ndiyo kazi yake yote.

Baba mwenye nyumba ni Whispers mwenyewe, anayejiita Mwana wa Udongo. Anafanya kazi ya gazeti, anapenda bia, anarudi usiku akiwa amevua viatu ili asisikiwe. Anajiona mfalme, lakini kila anapofungua mdomo nyumbani tunaona ufalme wake umekwisha zamani. Mke wake anaitwa Thatcher. Jina hilo ni la Margaret Thatcher, yule mama aliyeongoza Uingereza tangu 1979 mpaka 1990, na msomaji haelezwi zaidi. Jina limekwisha sema nani anaamuru. Kijana wao, Whispers Junior, baba yake anamwita jambazi wa nyumbani. Binti yao ni Pajero, jina la ile gari ya wakubwa, na baba anamwita pia kitegauchumi, akitumaini siku moja mali yake itarudi kwa njia ya mahari. Wazazi wa kwetu wanaohesabu mbuzi kabla ya posa watajua anasema nini.

Halafu kuna mama yake Whispers kule kijijini, Appepklonia. Hapa mwandishi amefanya jambo dogo ambalo sisi tunalipenda kupita yote. Appepklonia ni Apolonia, mtakatifu wa kanisa, jina la ubatizo lililopita katika mdomo wa kijiji na kutoka na sura nyingine. Nani kati yetu hana bibi wa namna hiyo? Padri aliandika Fransiska katika daftari ya ubatizo, na kijiji kikasema kilivyoweza. Mwaka 1972 Mobutu aliamuru watu waache majina ya Kikristu, lakini hayo ya mabibi hayakupata taabu sana, maana yalikuwa yamegeuka hata mtakatifu mwenyewe asingeitika. Appepklonia anasali, analima, anauhukumu mji wa Nairobi bila kuufika mara nyingi, na mwana wake mwenye umri mkubwa bado anamwogopa.

Padri wa parokia anaitwa Father Camissassius. Jina lenyewe linakumbusha lile la Camisassa, padri aliyekuwa mkono wa kuume wa Allamano katika kuanzisha shirika la Consolata. Yuko pia Teacher Damiano, mwalimu wa fimbo. Mama, padri, mwalimu: watatu hao ndio serikali ya kwanza ya mtoto wa milimani, mbele ya kumjua raisi yeyote. Mutahi aliwarudia kila mara. Aliwacheka, lakini mtu anayesoma vizuri anaona kwamba yule anayechekwa zaidi ni mtoto mwenyewe, aliyekua, akavaa suti, akakaa mjini, na bado anatetemeka akikumbuka fimbo ya Damiano.

Mchezo wa lugha nao ulikuwa mwingi. Gazeti lilikuwa la Kiingereza, lakini Kiingereza chake kilitembea na Kigikuyu, na Kiswahili, na Sheng ya vijana wa Nairobi. Aliandika neno jinsi lilivyosemwa na watu wa kwao wanaochanganya r na l, na msomaji alisikia sauti. Hilo halikuwa jambo dogo. Shule za Kiafrika, za Kiingereza kama za Kifaransa, zilitufundisha kuona aibu juu ya matamshi ya mama zetu. Wazee wetu wanakumbuka kitu alichofungwa shingoni mwanafunzi aliyesikiwa akisema lugha ya nyumbani. Kuchapa matamshi hayo katika gazeti kubwa la nchi, na nchi nzima ikangojea Jumapili ili iyasome, kulikuwa kuondoa aibu kwa njia ambayo hotuba isingeweza.

Tusidanganyike lakini kwamba alikuwa wa kwanza. Nairobi ilikuwa na jarida la Joe, lililoanzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na Terry Hirst, likaendelea mpaka 1979. Joe alikuwa mtu wa kawaida wa mjini, mwenye taabu za kodi na bosi, na ndani ya jarida hilo kulikuwa vikaragosi na hadithi fupi bega kwa bega. Huku kwetu, Kinshasa ilikuwa na Jeunes pour Jeunes tangu 1968, jarida la picha na vichekesho la Achille Ngoye na Freddy Mulongo, ambalo liliingiza lugha ya vijana wa mitaani katika karatasi. Na shule zetu za sekondari zilimsoma Zamenga Batukezanga, mzaliwa wa Luozi, aliyeishi tangu 1933 mpaka 2000. Vitabu vyake vidogo vya Saint-Paul vilipita mkono kwa mkono mpaka jalada likaisha. Zamenga aliandika Kifaransa rahisi kwa watu wasio na haja ya kamusi, na walimu wengine wakubwa walimdharau juu ya hiyo. Tunasema walikosea. Mwandishi anayesomwa na mshonaji nguo akiwa kwenye cherehani yake amefanya kazi ambayo profesa hawezi kumfanyia.

Tofauti ya Mutahi ni juma. Kitabu kinangoja, gazeti la Jumapili haliwezi kungoja. Kila juma nyumba ya Whispers ilipaswa kupata kisa kipya, na kisa kipya kilitoka katika mambo ya juma lile: sukari imepanda, karo za shule, uchaguzi, mtu mkubwa ametoa hotuba ya ajabu. Watu wa kisa ni wale wale, mambo ni mapya. Sivyo ilivyokuwa kando ya moto? Sungura na fisi hawakubadilika, lakini mzee alichagua kisa cha usiku kufuatana na jambo lililotokea mchana.

Na hapo tunaingia katika siasa. Daniel arap Moi alitawala Kenya tangu 1978 mpaka 2002. Mwezi wa Juni 1982 chama cha KANU kilifanywa kuwa chama pekee kwa sheria, na tarehe 1 Agosti mwaka ule ule askari wa anga walijaribu kupindua serikali wakashindwa. Baada ya hapo mkono wa serikali ukawa mzito. Katika miaka hiyo watu walikamatwa kwa neno Mwakenya, jina la chama cha siri, na wengi wao walipelekwa Nyayo House, jumba refu la ofisi za serikali katikati ya Nairobi. Juu watu walipanga mstari kutafuta pasipoti. Chini, kwenye vyumba vya gizani, wenzao waliteswa, wengine wakisimamishwa ndani ya maji siku nyingi.

Wahome Mutahi alikamatwa mwaka 1986 pamoja na ndugu yake. Alipitia Nyayo House, akahukumiwa, akafungwa. Mtu aliyekuwa akiandika juu ya mume anayeogopa mke wake alijifunza woga wa namna nyingine kabisa.

Alipotoka aliandika mambo hayo bila kicheko. Riwaya yake Three Days on the Cross, ya mwaka 1991, inafuata watu wawili wanaoteswa na polisi ya siri kwa jambo ambalo hawakulifanya. Kitabu hicho kilipata zawadi ya Jomo Kenyatta mwaka 1992. Mwaka ule wa 1992 kilitoka Jail Bugs, juu ya maisha ya gereza. Ni vitabu vizuri. Lakini tukiulizwa ni wapi alimuumiza zaidi mtawala, sisi tutaonyesha Minong'ono, maana riwaya ilisomwa na maelfu wachache, na Whispers alisomwa na taifa, akisomwa kwa sauti, mtu mmoja akishika gazeti na watano wakisikiliza.

Namna yake ilikuwa ile ya mzee na fisi. Alipokuwa akieleza mume anayejidai kwamba nyumba yake ina amani na maendeleo, wakati watoto wamemgeuka na mke ndiye ameshika fedha, msomaji alisikia hotuba ya serikali. Alipoandika kwamba baba hataki kusikia upinzani mezani, Kenya nzima ilijua ni baba gani. Neno halikutumwa kwa mtu yeyote. Nani angesimama na kusema kwamba ametukanwa? Angekuwa amejitaja mwenyewe.

Mwaka 1996 alitoa kitabu kidogo, How to Be a Kenyan, ambacho kwa Kiswahili tungesema Jinsi ya Kuwa Mkenya. Humo aliwageukia wananchi wenyewe: namna wanavyopanda matatu, wanavyotoa kitu kidogo kwa polisi, wanavyokunywa, wanavyowanyenyekea waheshimiwa kisha wakawasengenya. Hapa tunamheshimu zaidi. Kucheka mtawala peke yake ni rahisi kwa mtu aliye mbali naye. Mutahi alijua kwamba mtawala mbaya anapata chakula kutoka katika tabia za raia, na aliyasema hayo bila kumkasirisha msomaji, kwa sababu alijiweka yeye mwenyewe wa kwanza katika mstari wa wenye makosa.

Jambo moja hatulipiti kimya. Thatcher na wanawake wengine wa kurasa zile mara nyingi wanachekwa juu ya ukali na ulimi wao, na kuna wasomaji wa kike waliochoka na mchezo huo. Wana haki. Mke mkali ni kichekesho cha zamani sana, kwenye milima yetu pia, na kinawapendeza wanaume kwa sababu wanazozijua. Hata hivyo, ukihesabu visa, utaona nyumba ile inasimama juu ya Thatcher. Mume analewa, mke analipa. Wale mama zetu wa Butembo wanaopakia lori saa tisa za usiku, wanaume wakiwa wangali wanatafuta shati, hawatahitaji kuelezwa.

Baada ya mwaka 1991, vyama vingi viliporudi Kenya, Mutahi alichukua hatua nyingine ambayo kwa desturi yetu ina maana kubwa. Aliingia katika michezo ya kuigiza kwa Kigikuyu, pamoja na kundi la Igiza Productions. Mmoja wa michezo hiyo, Mugaathe Mubogothi, ulimcheka mtukufu anayebwabwaja, na hakuna aliyeuliza mtukufu gani. Haukuchezwa tu katika kumbi za wasomi. Ulichezwa katika mabaa na hoteli ndogo za mjini na za barabarani, kati ya meza, watu wakishika chupa zao. Wasomi wengine waliona amejishusha. Lakini fikirini: mwandishi wa Kiingereza, mwenye zawadi ya taifa, anaacha lugha ya gazeti anarudi katika lugha ya Appepklonia, na anarudi mahali watu wanapokusanyika jioni kwa ajili ya joto. Huko ni kurudi kyaghanda. Alikuwa ameichukua hadithi motoni, akaipeleka kwenye karatasi, na sasa alikuwa anairudisha kwa wenyewe.

Mwezi wa Desemba 2002 KANU ilishindwa uchaguzi, na Moi akatoka. Mutahi aliyaona hayo kwa macho yake, lakini kwa muda mfupi tu. Tarehe 7 Machi 2003 aliingia kwa operesheni ndogo ya kuondoa uvimbe mgongoni, jambo la siku moja. Baada ya ganzi hakuamka. Alilala siku 137 bila fahamu, na tarehe 22 Julai 2003 akafa, akiwa na miaka 48. Mtu aliyetoka hai Nyayo House alikufa kwa uvimbe usiomzuia hata kutembea. Kenya ililia, ikakasirika, ikaulizana juu ya hali ya matibabu, na Jumapili zikabaki bila Whispers. Tangu 2006 wachapaji wa vitabu wa Kenya wanatoa zawadi ya maandishi yenye jina lake, na vitabu vya Kiswahili vinapata nafasi humo.

Turudi sasa kwetu, kwa sababu ndiko tulikotaka kufika. Mwaka 2024 vita ya M23 ilipanda barabara ile ile tuliyoitaja mwanzoni: Kanyabayonga mwezi wa Juni, Kirumba baada yake, na Desemba mapigano yakafika Alimbongo. Watu walibeba walichoweza, godoro, sufuria, mbuzi, mtoto mgongoni, wakashuka Lubero na Butembo kwa ndugu na kwa wasio ndugu. Tunajua namna ya kuhesabu nyumba zilizochomwa na mashamba yaliyoachwa. Lakini moto wa jioni nao ulizimwa. Mzee anayelala katika chumba kimoja na familia tatu, kwenye mtaa asioujua, hana mahali pa kusimulia, na wajukuu wana simu. Akifa katika hali hiyo, kisa cha agronomi kinakufa pamoja naye, kwa sababu hakikupata Tervuren yake wala Sunday Nation yake.

Tumekuwa na chuo kikuu cha Graben tangu 1989, kile cha Assomption, na vingine. Tuna redio nyingi za mji na za parokia. Tuna walimu wanaoandika Kifaransa safi. Kwa nini basi hatujapata Whispers wetu? Wengine wanajibu kwamba hakuna pesa ya kuchapa, na ni kweli. Wengine wanasema nchi yenye maiti nyingi kama Beni tangu 2014 haina ruhusa ya kucheka. Hilo tunalikataa kwa heshima. Waliopitia matanga yetu wanajua kwamba usiku wa pili, kando ya moto, kuna mtu anayemsimulia marehemu alivyokuwa mkaidi, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka, na hakuna anayeona ni dhambi. Sababu yenyewe, kwa maoni yetu, ni kwamba tumefundishwa kuona kitu kilichoandikwa kuwa kitu cha kuvaa kravati. Tunapochukua kalamu tunaacha sauti yetu mlangoni.

Na huku watu wa visa wako, wamekaa tayari. Yuko Kambale, mvulana wa pili, ambaye ukiita jina lake sokoni nusu ya soko inageuka. Yuko Masika, mkubwa wa wasichana, mwenye daftari ya likelemba inayoogopwa kupita daftari ya polisi. Yuko mtu wa forodha wa Kasindi, yuko muhubiri mwenye mikrofoni mbili na waumini kumi na moja, yuko mwalimu wetu Damiano kwa jina lingine. Yuko pia yule mfanyabiashara wa kichekesho aliyerudi Guangzhou na kontena zima la viatu vya mguu wa kushoto, akangoja la pili, na lilipofika nalo likawa la kushoto. Wengine wanasema alilia. Wengine wanasema aliviuza vyote kwa siku tatu, na mpaka kesho hawasemi aliviuza kwa nani.